Mswada kwa Kiingereza, Mjadala kwa Kiswahili: Sheria za Kigeni Mbele ya Wabunge wa Kenya

Wanaoandika juu ya Kiswahili katika Bunge la Kenya huanza na Julai 4, 1974, siku ambayo Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba Kiswahili kitumike Bungeni. Habari hiyo husimuliwa kama habari ya usemi: nani alizungumza kwa ufasaha, nani alibabaika, nani aliyekuwa hodari kwa Kiingereza akaonekana ghafla hana la kusema. Katika makala haya twapenda kuiangalia kwa upande wa maandishi, kwani sheria nyingi ambazo wabunge hao walitakiwa kuzijadili zilikuwa za kigeni kwa asili yake, na hazikuwa zimefasiriwa.

Yafaa tukumbuke jinsi sheria hizo zilivyofika. Kwa amri ya Malkia Victoria ya mwaka 1897, Himaya ya Afrika ya Mashariki ilipewa mahakama zilizofuata sheria za Bara Hindi. Waingereza walikuwa wamekwisha kuziandika sheria hizo kwa ajili ya Bombay na Calcutta. Ilikuwa rahisi kuzipakia pamoja na rupia, ambayo nayo ilitumika huku hadi 1920. Hivyo, katika miaka ile ya mwanzo, mtu wa Mombasa alihukumiwa kwa kanuni za jinai za Bara Hindi na mapatano yake yakapimwa kwa sheria ya mapatano ya huko ya 1872. Pale sheria hizo zilipokuwa kimya, zilifuatwa za Uingereza kama zilivyokuwa Agosti 12, 1897. Tarehe hiyo haikufutwa na Uhuru. Sheria ya Mahakama ya 1967, iliyotungwa na Bunge letu wenyewe, iliirudia waziwazi, na katika jedwali lake ikazitaja kwa majina sheria kadhaa za Uingereza za karne ya 19. Mojawapo, ya mwaka 1861, inahusu namna ya kuthibitisha sheria za nchi za kigeni, jambo ambalo msomaji anaweza kulitabasamia.

Basi mwaka 1974 Kiswahili kiliingia katika jumba lililojaa maandishi ya namna hii. Haukupita muda kabla ya tatizo kujitokeza: mjadala ni wa Kiswahili, lakini kitu kinachojadiliwa ni cha Kiingereza. Dawa iliyotafutwa mwaka 1975 haikuwa kufasiri. Katiba ilirekebishwa ili kila mswada, kila sheria, kila azimio la fedha na kila pendekezo la kuyarekebisha hayo liandikwe kwa Kiingereza, na maneno yake yanukuliwe kwa Kiingereza kila inapohitajika katika mjadala. Mwaka 1979 Kiingereza kilirudishwa katika mazungumzo pia, sambamba na Kiswahili, na mgombea wa kiti cha ubunge akatakiwa awe na uwezo wa kusema na kusoma lugha zote mbili. Kwa maoni yetu, marekebisho ya 1975 ndiyo yaliyoamua mambo. Yale ya 1979 yalikuwa matokeo yake tu. Katiba haikumpa mtu yeyote wajibu wa kutoa tafsiri, wala haikuweka muda ambao tafsiri ingepaswa kuwa tayari. Kila mbunge alikuwa mkalimani wake mwenyewe, papo kwa papo, akiwa amesimama.

Udhuru uliozoeleka ni kwamba Kiswahili hakikuwa na maneno. Tuupime udhuru huu kwa mfano mmoja. Sheria ya Bara Hindi ya Kuhamisha Mali ya 1882 ilitawala rehani katika sehemu ya ardhi ya Kenya, zikiwamo ardhi za pwani zilizokuwa na hati chini ya sheria ya 1908. Kifungu chake cha 58, kama kilivyoandikwa mwanzoni, chagawa rehani katika aina nne. Ya kwanza ni rehani ya kawaida, ambapo mdaiwa habanduki katika mali yake. Ya pili ni mauzo yenye sharti: mali huuzwa, lakini muuzaji akilipa kwa wakati hurudishiwa. Ya tatu humpa mdai mali aishike na kula mazao yake mpaka deni limalizike. Ya nne imeitwa kwa jina la Uingereza, na ni uhamisho kamili wenye ahadi ya kurudisha.

Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kamusi mpya ili kuielewa aina ya pili. Ndiyo bei khiyari, ambayo watu wa pwani waliitumia kwa mikopo, kwa sababu dini ilikataza riba, na wakaitofautisha na bei kataa, yaani mauzo yasiyo na marejeo. Aina ya tatu nayo si ngeni kwa yeyote aliyewahi kusikia habari za shamba la minazi lililowekwa rehani. Hapa sheria ya kigeni ilikuwa ikieleza jambo ambalo Kiswahili kilikuwa kikilitaja tangu zamani, na katika hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ni kweli kwamba aina ya nne ni ngumu zaidi, na dhana kadhaa za Kiingereza, hasa zile za mahakama za hisani, hazina mwenzake katika fiqhi wala katika mila za bara. Lakini ugumu wa sehemu moja hautoshi kueleza kwa nini hata sehemu nyepesi haikuguswa.

Sheria hiyo ya 1882 ilifutwa nchini Kenya mwaka 2012, kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi, baada ya miaka 130 tangu itungwe. Bunge lililoifuta lilikuwa na ruhusa ya kujadili kwa Kiswahili tangu miaka 38 iliyopita. Sheria iliyoshika nafasi yake ilitungwa kwa Kiingereza.

Wenzetu wa Tanzania, ambao Bunge lao limezoea Kiswahili kwa muda mrefu, nao waliendelea kutunga sheria kwa Kiingereza kwa miongo mingi. Ni mwaka 2021 tu walipoamua kwa sheria kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kenya ilichukua njia nyingine. Katiba ya 2010 yafanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kifungu cha 120 chasema kwamba matoleo ya lugha mbalimbali ya sheria moja yakihitilafiana, toleo lililotiwa saini na Rais ndilo litakaloshinda. Waandishi wa kifungu hicho walitazamia kwamba sheria itakuwa na matoleo zaidi ya moja, ila hawakusema nani atakayeandika toleo la pili, wala lini.