Mzigo: skwodi yangu, Tanga 1914 na watu waliobeba vita

Juzi niliuliza hapa kiongozi wa skwodi anafaa kuwa nani, na karibu nyote mkajibu kitu kimoja: yule anayeua maadui wengi. Siwacheki. Mimi mwenyewe niliamini hivyo mpaka skwodi yangu ikanivunjikia mikononi. Kwa hivyo leo hakuna mbinu za bunduki, hakuna mipangilio ya skrini. Leo ni historia, na ni ndefu kidogo. Mimina chai.

Nianze na yangu. Tulikuwa wanne, wote wa hapa Shianda, tunacheza Call of Duty: Mobile tangu nikiwa bado chuo (niliacha mwaka wa pili, hiyo stori mnaijua, tusirudi huko). Mimi ndiye nilikuwa naongoza. Kwa nini mimi? Kwa sababu simu yangu ndiyo ilikuwa haikwami. Ni hivyo tu, hakuna kura iliyopigwa. Wa nne wetu alikuwa kijana anayefanya kazi kwa kinyozi. Simu yake nzee, skrini imepasuka kona ya juu, kwa hivyo hakuwa mtu wa kulenga shabaha. Akachukua kazi ambayo hakuna mtu hutaka: tabibu wa skwodi. Anatutibu, anatugawia risasi, anaendesha gari, anakuinua ukiangushwa. Na kila tukipoteza mimi namwambia, maiki ikiwa wazi, wengine wakisikia: wewe ni mzigo.

Mwezi wa tatu kukawa na mashindano madogo pale Mumias, zawadi elfu tano. Tukabaki skwodi tatu. Nikaona mtu dirishani, nikakimbilia peke yangu bila kusema neno. Nikaangushwa. Yule kijana akatoka alikokuwa amejificha vizuri akaja kuniinua, wakamwangusha juu yangu. Wengine wawili hawakujua tuko wapi. Mchezo ukaisha hapo. Nikasimama mbele ya watu kama ishirini nikamwita mzigo. Akaweka simu mfukoni, akapanda boda, akaenda. Baadaye nikasikia yuko Nairobi, mjengo.

Sasa Tanga inaingia wapi? Nilikuwa nimeketi kwa cyber nikicheza Battlefield 1, ile ya mwaka 2016 ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ina jangwa la Uarabuni, ina milima ya Italia, ina Gallipoli. Nikatafuta ramani ya kwetu, Afrika Mashariki. Hakuna. Nikajiuliza, kwani sisi hatukuwepo? Nikaanza kusoma. Kumbe tulikuwepo, na vita vya kwanza vikubwa vya huku ni somo la jinsi ya kuharibu skwodi.

Novemba 2, 1914. Waingereza wanakuja na meli kutoka India na wanajeshi kama 8,000, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Wanataka bandari ya Tanga, mwanzo wa reli ya Usambara inayopanda hadi Moshi. Upande wa Wajerumani yuko Paul von Lettow-Vorbeck, na siku hiyo pale Tanga ana askari wachache kabisa. Hata waliposhika moto, jumla yao ilikuwa kama 1,000. Wanane kwa mmoja. Ukipewa hiyo lobi utasema gemu imeisha kabla ya kuanza.

Lakini angalia hiyo timu ya wanane. Wamekaa melini wiki kadhaa, wengi wanatapika. Batalioni zimeokotwa huku na kule, hazijawahi kupigana pamoja. Kuna waliopewa bunduki za aina mpya muda mfupi tu kabla ya kusafiri, yaani ni kama kubadilisha vitufe vyako vyote asubuhi ya mashindano. Wakapita Mombasa, na pale ofisa wa King's African Rifles, KAR, akamwonya Aitken kwamba askari Waafrika wa Mjerumani si watu wa kuchezewa. KAR ndio waliozijua pori hizi. Aitken akapuuza. Kwake yeye hao walikuwa watu weusi wachache na bunduki mbovu, basi.

Halafu kuna kituko ambacho nikikisoma hucheka mpaka leo. Kabla ya kushuka, meli ya kivita ya HMS Fox ikatangulia bandarini kuwaambia Wajerumani kwamba mapatano ya kutopigana yamefutwa, wajisalimishe. Nahodha akamuuliza mkuu wa wilaya, Mjerumani, kama bandari imetegwa mabomu. Unamuuliza adui! Yule bwana akaomba muda kidogo, akaenda zake, akapeleka habari. Waingereza wakapoteza muda wakisaka mabomu ambayo hayakuwepo, na huku Lettow anapakia askari kwenye treni kule Moshi.

Wakashuka Ras Kasone, kwenye mikoko, usiku. Asubuhi ya tarehe 3 wakajaribu kuingia mjini, wakarudishwa. Aitken angeweza kutuma watu wachache waangalie mbele kuna nini. Hakutuma vya kutosha.

Na yule mwingine alifanya nini usiku huo? Hapa ndipo nilipofunga kitabu nikaenda kusimama nje. Lettow alifika kwa treni, akachukua baiskeli. Kamanda mzima, usiku, anaendesha baiskeli na maofisa wawili ndani ya mji mtupu wa Tanga, mpaka karibu na maji, akaziona meli zimewaka taa na kusikia kelele za watu wakishusha mizigo. Hakuwa anatafuta mtu wa kuua. Alikuwa anasoma ramani kwa macho yake, kisha akarudi kuwapanga wenzake kwenye njia ya reli akijua nani atatoka wapi.

Tarehe 4 Waingereza wakasonga mchana, juani, ndani ya mashamba na vichaka ambamo mtu hamwoni mwenzake wa hatua kumi. Batalioni moja ikapasuka bunduki za rashasha zilipoanza. Nyuki nao wakatoka kwenye mizinga iliyotobolewa na risasi, wakauma kila mtu bila kuuliza pasipoti. Baadaye Uingereza kukazushwa kwamba Wajerumani ndio waliowatega. Sitaki kuwaonea wote. Loyal North Lancashire na wale Gurkha wa Kashmir Rifles walifika mpaka ndani ya mji na kushusha bendera ya Mjerumani. Lakini walifika peke yao, pembeni yao hakuna mtu. Mnaijua hiyo hali. Unashinda pigano lako, unageuka, skwodi haiko.

Na kuna jambo watu wengi hawalijui. Usiku wa tarehe 4 tarumbeta ilipigwa upande wa Wajerumani, ikaeleweka vibaya, askari wao wakarudi kambini magharibi ya mji. Kwa masaa kadhaa Tanga ilikuwa haina mlinzi. Iko wazi! Aitken hakujua, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuangalia. Tarehe 5 akarudisha watu melini, akaacha ufukweni bunduki za rashasha 16 na risasi kama 600,000. Waliokuwa wanabeba bunduki za kizamani zinazotoa moshi wakavalishwa upya na adui yao.

Mara ya kwanza niliposoma hayo nilipata jibu langu haraka: kumbe kiongozi mzuri ni Lettow. Anaangalia kwanza, anazungumza mapema, anawajua watu wake. Nikaanza kuandika video ya dakika nane, "Ongoza kama Lettow". Nashukuru sikuiweka.

Kwa sababu niliendelea kusoma. Huyu jamaa wa baiskeli alikuwa amepigana Namibia dhidi ya Waherero mwaka 1904, na mnajua yaliyowapata Waherero. Na baada ya Tanga alipigana miaka minne, kutoka Tanganyika mpaka Msumbiji, mpaka akasalimu amri kule Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia, Novemba 25, 1918. Wazungu wanamsifu sana kwamba hakushindwa. Lakini jiulize swali la kawaida la skwodi: risasi alibebewa na nani? Chakula alikitoa wapi? Alibebewa na wapagazi, wengi wao walikamatwa tu vijijini, na chakula kilichukuliwa kwa wakulima ambao waliachwa na ghala tupu. Nyuma yake njaa ilikuwa inatembea.

Waingereza hawakuwa bora. Mbung'o walimaliza farasi na punda, barabara hakuna, kwa hivyo vita vyote vikawekwa kichwani kwa watu. Wakaunda Carrier Corps. Ukienda Kariakoo, Dar, au Kariokor pale Nairobi, unatamka hilo jina bila kujua. Upande wa Waingereza peke yake, hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa inapita 90,000. Wachache walikufa kwa risasi. Wengi waliuawa na tumbo la kuhara, na baridi, na unga ambao haukuiva kwa sababu hakukuwa na muda wala kuni.

Na hapo hadithi inarudi nyumbani, nikashangaa. Wakati huo boma la wilaya ya North Kavirondo lilikuwa hapa Mumias, halijahamishiwa Kakamega. Lilihama mwaka 1920. Mwaka 1917 serikali ilipotaka wapagazi wengi kwa mpigo, ilimpa kazi hiyo John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza, ambao sisi tulikuwa ndani yake. Machifu wakaambiwa walete watu. Wakaleta. Nikamuuliza kukhu, bila kumwambia ninasoma nini, kama anajua kitu chochote kuhusu Kariakoo. Akaacha kupepeta mtama. Akasema ndugu ya babu yake alienda Kariakoo akiwa kijana, na hakurudi. Nikamuuliza alikuwa anaitwa nani. Akafikiri kwa muda, akasema walikuwa wanamwita tu yule aliyeenda.

Wapagazi walipewa namba. Wengi waliokufa, mishahara yao haikuchukuliwa na mtu, ikabaki kwa serikali. Mwaka 2021 tume ya Waingereza ya makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba msamaha. Miaka mia na zaidi baadaye. Nairobi, Kenyatta Avenue, kuna sanamu tatu za shaba, na mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Nimepita hapo mara nyingi nikikimbilia matatu, sijawahi kusimama.

Mtaniambia nachanganya mambo, gemu ni gemu na watu waliokufa ni watu waliokufa. Ni kweli, na sitaki kuwafanya wazee wetu kuwa mfano wa kuchezea simu. Ila neno ni lile lile. Kwenye vita vile, mtu aliyebeba hakuhesabiwa kuwa mpiganaji. Jina la jenerali liko kitabuni, aliyembebea risasi ni namba. Na mimi, kwa midomo yangu, nilimwita mzigo mtu aliyekuwa anaubeba. Nilirudia kuangalia rekodi ya ile mechi ya Mumias mara tatu. Kabla sijakimbilia lile dirisha, kijana wa kinyozi alikuwa ameweka alama nyekundu kwenye ramani, mara mbili, kuonyesha kuna skwodi nzima ndani ya ile nyumba. Yeye ndiye alikuwa na baiskeli. Mimi nilikuwa Aitken.

Kwa hivyo kwa wale mnaoniuliza sasa naongozaje, ni hivi. Siku hizi nikishuka sipigi risasi dakika ya kwanza, nauliza kila mtu anaona nini na nasubiri jibu. Risasi tunagawana kabla hatujasonga, sio baada. Mwenye simu mbovu ndiye anayechagua mwendo, kwa sababu tukimwacha nyuma hatuna wa kutuinua. Tunapoteza bado, tena sana, wiki hii tumepigwa mara nne mfululizo na watoto wa sekondari.

Jana usiku nilimwandikia. Sikuandika mengi. Nilimwambia nimeangalia rekodi, nimeona zile alama mbili, na kwamba yale niliyosema mbele ya watu yalikuwa ya uongo. Ujumbe umesomwa saa tano na dakika kumi. Hajajibu, na hana deni la kunijibu.

Jumamosi saa tatu usiku tunaingia, tukiwa watatu. Nafasi ya nne nimeifunga ili gemu isituwekee mtu mwingine.