Askari wa Marekani anapimwa mkojo, mzee wa Vidunda anameza panadol

Ukitoka Mikumi kwa barabara ya Ifakara, kabla hujafika Kidatu, mkono wako wa kulia kuna milima ya Wavidunda. Agosti na Septemba 1916 Vita Kuu ya Kwanza ilipita chini ya milima hiyo. Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma kutoka Kilosa kuelekea Mto Ruaha na Mahenge, majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yakawafuata hadi Kidodi. Nyuma ya askari walitembea wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 25 hivi. Upande wa Waingereza peke yake, watu wanaokaribia milioni moja waliandikishwa au kukamatwa kubeba mizigo katika vita nzima. Waliokufa, kwa hesabu rasmi, ni zaidi ya 40,000. Wanahistoria wengi wanasema idadi halisi ilikaribia 100,000, na wengi wao waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa, si risasi.

Sasa jiulize swali la kitabibu: mpagazi akivunjika mguu, alipewa nini cha kutuliza maumivu?

Maana dawa ilikuwepo. Mfamasia Mjerumani, Friedrich Sertürner, alitenga mofini kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19. Sindano ya chini ya ngozi ilipopatikana katikati ya karne hiyo, mofini ikawa dawa ya vitani. Novemba 1917, Wajerumani wakiwa wamebanwa kusini mwa koloni na vifaa vinawaishia, wenzao wa Ulaya walirusha zeppelin, L59, kutoka Bulgaria ije Afrika Mashariki na risasi, bunduki na dawa. Ilifika juu ya Sudan, ikaitwa kwa redio irudi, ikatua ilikotoka baada ya saa 95 hewani na kilomita zaidi ya 6,700. Mzigo huo ulikuwa wa jeshi. Sidhani kama kuna aliyemkumbuka mpagazi alipokuwa anaufunga.

Hospitalini mambo yalikuwa hivyo hivyo. Dar es Salaam kulikuwa na Ocean Road, iliyofunguliwa 1897 kwa ajili ya Wazungu, na Sewa Haji kwa Waafrika na Wahindi. Ikumbuke Ocean Road, tutairudia.

Vita ilipokwisha, waliopigana walianza kupimwa ili ijulikane nani anastahili nini. Kuna kisa maarufu cha mwaka 1964, bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa askari wa zamani wa Kijerumani malimbikizo yao. Inasimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza, wengi hawana karatasi yoyote, basi ofisa akawapa fimbo ya ufagio na kuwaamuru kwa Kijerumani wafanye gwaride. Kisa hiki hupenda kusimuliwa kwa kicheko, mimi hakinichekeshi sana. Mpagazi hakuwa na gwaride la kuonyesha. Kilichobaki kwake ni mgongo mbovu.

Miaka saba baadaye kipimo cha askari kilihamia kwenye chupa ya mkojo. Juni 1971 jeshi la Marekani lilianza kuwapima wanajeshi waliokuwa wanaondoka Vietnam, ambako heroini ilikuwa rahisi na safi kuliko ya nyumbani. Ukikutwa nayo, hupandi ndege mpaka ikutoke. Serikali iliogopa kwamba maelfu ya wategemezi wa heroini wangemwagika mitaani. Mtafiti Lee Robins akapewa kazi ya kuwafuatilia walikorudi. Karibu mmoja kati ya watano alisema alikuwa mtegemezi akiwa Vietnam. Lakini katika mwaka wa kwanza nyumbani, kati ya waliokuwa wategemezi, ni kama asilimia 5 tu waliorudia hali hiyo. Wengi hawakuamini matokeo, na Robins alilazimika kuyatetea kwa miaka mingi. Ukimtoa mtu kwenye vita, ukampeleka pasipo na dawa wala marafiki wa kuitumia naye, uwezekano wa kuacha ni mkubwa kuliko tulivyozoea kufikiri.

Mfumo wa afya wa wanajeshi wastaafu wa Marekani ulijifunza somo hilo nusu nusu. Mwaka 1999 uliagiza maumivu yaulizwe kila mgonjwa anapofika, sawa na joto la mwili na mapigo ya moyo. Nia ilikuwa njema. Lakini kuuliza ni dakika moja, na kuandika vidonge ni dakika ya pili, ndipo dawa za jamii ya mofini zikamiminika. Hospitali moja ya wastaafu, ya Tomah huko Wisconsin, ilifikia kupachikwa jina la nchi ya peremende. Kuanzia 2013 mkondo ukageuzwa: dozi zipunguzwe, mgonjwa asaini fomu ya ridhaa, mkojo upimwe mara kwa mara.

Hicho kipimo cha mkojo nacho si hakimu kama watu wanavyodhani. Kile cha haraka hutumia kingamwili zinazonasa umbo la molekuli. Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini, na kodeini nayo hugeuka mofini kwa sehemu, kwa hiyo aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini anaweza kuonekana sawa na aliyejidunga. Kwa upande mwingine, methadoni na tramadoli zina umbo tofauti, kipimo cha kawaida cha afyuni hakizioni. Ndiyo maana jibu la kipimo cha haraka linatakiwa kuthibitishwa maabara kabla mtu hajanyimwa dawa yake.

Na kunyimwa kuna gharama. Utafiti uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2020, ukiangalia wastaafu karibu milioni 1.4 wa Marekani, ulikuta kwamba hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi au kujiua iliongezeka baada ya dawa kusimamishwa, na ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa wameitumia muda mrefu.

Unaweza kuuliza Vidunda inaingiaje hapa. Inaingia kupitia sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya unasema mambo mawili: dawa hizi zidhibitiwe, na pia haziepukiki katika kutuliza maumivu, hivyo nchi zihakikishe zinapatikana. Jambo la kwanza lilishikwa kwa mikono miwili, la pili likaachwa mezani. Tume ya jarida la Lancet ilipiga hesabu mwaka 2017: kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Hofu iliyozaliwa kwenye wingi ikaja kutawala mahali penye uhaba. Kiswahili kina neno lake hapa: kasumba. Zamani lilimaanisha afyuni yenyewe, leo ni fikra iliyomganda mtu kichwani. Tunayo kasumba kuhusu kasumba.

Waganda walijaribu njia nyingine. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Mofini yao ni unga unaokorogwa kwa maji, ukatiwa rangi ili nguvu ya kila chupa ijulikane kwa macho, mgonjwa akanywa akiwa nyumbani. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa, wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuiandika. Hilo la pili ndilo kubwa. Dawa rahisi isiyo na mtu wa kuiandika kijijini ni sawa na haipo.

Kwetu, mofini ya maji kwa miaka mingi chimbuko lake lilikuwa Ocean Road, ile ile ya Wazungu wa 1897, ambayo tangu 1996 ni taasisi ya taifa ya saratani. Tunajua pia kupima mkojo bila kumwadhibu mtu. Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini. Pale kipimo kinathibitisha kwamba mtu anahitaji tiba na kinafuatilia maendeleo yake, na dawa anainywa mbele ya mhudumu. Uwezo wa kusimamia dawa nzito tunao.

Sasa rudi milimani. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikusanya wanajeshi na mgambo kutoka kila pembe ya nchi. Baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979 wengi walirudi vijijini kulima. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amevuka 65. Huo ni umri wa saratani ya tezi dume, ambayo ikisambaa hupenda kwenda kwenye mifupa ya mgongo na nyonga, na maumivu yake ni ya usiku kucha.

Sera inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Lakini bure ya kitu gani? Zahanati ya kijijini ina panadol, ikibahatika ina diklofenaki, ambayo kwa mzee mwenye figo dhaifu ina hatari zake. Panadol haiwezi saratani ya mfupa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1986 ulipanga tiba ya maumivu ya saratani kama ngazi: panadol na wenzake chini, mofini juu.

Chupa ikitoka Ocean Road, Mikumi ni karibu kilomita 300 za lami, kisha unashuka Kidodi na kuanza kupanda. Barabara hiyo panadol inaipita, chanjo zinazohitaji baridi zinaipita. Mofini ya maji haihitaji hata barafu. Inachohitaji ni kabati lenye kufuli, daftari la kuandika kila mililita, na muuguzi mwenye ruhusa ya kuitoa.