Dumu la Shangazi

Mwaka 2012 nilikwenda Bandari ya Juba kumpokea shangazi. Waliorudi toka Kosti walifika hapo kwa matishari baada ya siku nyingi juu ya Nile Nyeupe, na wengi walibaki palepale na vitanda vyao wakingoja lori. Shangazi alishuka na dumu tupu la lita 20 amelifunga kiunoni kwa kamba. Watu walimcheka. Na mimi, kijana wa Kakuma, nilicheka.

Mwaka mmoja kabla, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya abiria 645; tume ikakuta walipanda zaidi ya 2,000. Waliookoka, wengine walishikilia magodoro mpaka kukacha. Orodha haikuwa na majina ya wote. Julai 2012 MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe, mchana kweupe.

Halafu Malakal, Januari 2014: boti iliyojaa watu wanaokimbia vita, wakafa 200 au zaidi. Wafanyakazi wa misaada mnisamehe, lakini pale nani angengoja boti nyingine?

Mdogo wangu anavuka toka Dar kwenda Unguja mwezi ujao. Yeye anaweza kungoja. Nimemwambia asafiri mchana, ahakikishe jina lake limeandikwa, hati azifunge ndani ya nailoni, ajue jaketi za kuokolea ziko wapi kabla hajatafuta kiti. Wakizidisha watu, ashuke, nauli ipotee.

Dumu lile bado ninalo. Ameniomba nimpe, na hakucheka.