"Back to square one": maana yake na wakati wa kuitumia

Ukimsikia mgeni akisema kwa Kiingereza "We are back to square one", usimwambie karibu nyumbani. Hajarudi popote. Analalamika kwamba kazi imeharibika na sasa inabidi ianze upya kabisa. Neno kwa neno ni kurudi kwenye kisanduku namba moja.

Wavuna chumvi wa Saadani wanaijua hali hiyo hata bila Kiingereza. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa, jua linayakausha siku baada ya siku, chumvi inaanza kuonekana. Kisha mvua isiyotarajiwa inanyesha na kuiyeyusha yote kabla haijakusanywa. Hapo msemo huu umefika mahali pake. Sisi tungesema "tumerudi pale pale" au "tunaanza moja". Mvua ikiharibu bwawa moja tu kati ya matano, usiutumie. Hiyo ni hasara, bado hujarudi mwanzo.

Wengi hudai msemo ulizaliwa redioni. Januari 22, 1927, BBC ilitangaza moja kwa moja mechi ya Arsenal na Sheffield United, London. Gazeti la Radio Times lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa visanduku 8, na wakati wa mechi sauti ya pili ilitaja namba ya kisanduku penye mpira. Hadithi tamu, na sisi watu wa redio tungependa iwe kweli. Lakini baada ya goli mpira huanzia katikati ya uwanja, si kisanduku namba moja. Tena maandishi ya zamani yanayotajwa sana ni ya 1952, na yanautaja msemo pamoja na mchezo wa nyoka na ngazi: ukikanyaga kichwa cha nyoka, unateremka.

Sasa waongoza watalii wasikilize. Kasa jike anayepanda ufukwe wa Madete kutaga huwa amerudi eneo alikoanguliwa, pengine miaka zaidi ya 20 iliyopita. Ukimwambia mtalii kasa huyo yuko "back to square one", atauliza nini kimeharibika. Sema "she has come full circle", yaani mzunguko wake umetimia. Ila mawimbi yakifukua viota vyote na mayai yakapotea, walinzi wa kasa wanaweza kusema, kwa haki kabisa, "we are back to square one".