Kikopo cha oili chenye umri wa miaka mia

Fundi alitoboa bati la filta ya oili kwa tindo, kisha akalizungushia mkasi kama mtu anayefungua kopo la nyanya. Msumeno alikataa kuushika, kwa sababu unga wake wa chuma ungechanganyika na ule aliokuwa anautafuta. Ndani ya kopo mlikuwa na karatasi nyeusi tii, imepigwa marinda kama sketi ya shule. Akaikamua, akaikunjua juu ya gazeti kuukuu, akaanza kupitisha sumaku rinda moja baada ya jingine. Gari lenyewe, Land Cruiser ya dizeli yenye mkonga wa kuvutia hewa, lilisimama nyuma yetu likiwa bado na vumbi jekundu la mbugani.

Karatasi ile imechukua miongo mingi kufika hapo. Anayejua ilikotoka hataridhika na filta kwa sababu tu imeingia kwenye nyuzi na kukaza.

Magari ya mwanzo hayakuwa na filta ya oili. Kwenye pampu palikuwa na wavu wa waya wa kuzuia vipande vikubwa, basi. Vumbi, masizi na unga wa chuma vilizunguka na oili, vikisugua beringi na kuta za silinda. Dawa iliyojulikana ilikuwa kumwaga oili mapema, mara nyingi kabla gari halijamaliza maili 1,000.

Mwaka 1923 Wamarekani wawili, Ernest Sweetland na George Greenhalgh, walileta chombo cha kuchuja oili injini ikiwa inafanya kazi. Wakakiita Purolator, jina lililofinyangwa kutoka maneno ya Kiingereza yanayozungumzia oili safi. Januari 1924 kifaa hicho kilikuwa ndani ya gari jipya la Chrysler. Gari lilikuwa bado halijaanza kuuzwa, kwa hiyo halikupata nafasi kwenye maonyesho ya magari ya New York. Walter Chrysler akaliweka kwenye ukumbi wa hoteli ya Commodore, mahali ambapo wakubwa wa biashara ya magari walipitapita kutwa. Waliolizunguka walisifu nguvu zake na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne. Lakini kwangu mimi, kilichostahili kutazamwa zaidi ni kile kikopo kilichoning'inia pembeni mwa injini.

Filta za wakati ule zilichuja sehemu ndogo tu ya oili, takriban asilimia 10 katika kila mzunguko. Iliyobaki ilikwenda moja kwa moja kwenye beringi bila kuchujwa. Wahandisi walikuwa na hofu ya haki: chujio likiziba, injini isikose oili. Katika miaka ya 1940 ndipo ulipoanza kuenea mpango wa kupitisha oili yote kwenye filta kabla haijafika kwenye krenki. Hofu ile ya zamani haikuondoka, ikajengewa mlango wake mdogo: vali ya mchepuo.

Vali hii inahitaji kueleweka vizuri, maana magari mengi yamekufa kwa kutokueleweka kwake. Ni spring na kifuniko. Oili ikiwa nzito kwa baridi, au karatasi ikiwa imeziba, msukumo unaongezeka, kifuniko kinafunguka na oili inapita kando ya karatasi bila kuchujwa. Waliotengeneza waliona ni afadhali injini inywe oili chafu kuliko ikae kavu, kwa kuwa injini kavu inanoki ndani ya dakika chache. Ndiyo maana filta iliyoziba haitoi taarifa. Taa ya oili haiwaki, injini hailalamiki, gari linapanda mlima kama kawaida, na uchafu wote unazunguka ndani.

Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, na hata ilipopata injini ya dizeli mwaka 1957, filta ya kuzungusha kwa mkono ilikuwa bado si jambo la kawaida. Katika Land Rover hizo za zamani palikuwa na bakuli la chuma lenye boliti ndefu katikati, na ndani yake chujio la kubadilisha. Bakuli lilikaa kwenye raba iliyozama katika mfereji mwembamba. Fundi aliyeisahau raba ya zamani na kupachika mpya juu yake aliendesha gari kilomita chache tu kabla oili yote haijamwagika barabarani. Mafundi wazee walikuwa na msumari uliochongwa ncha, kazi yake pekee kuichokonoa raba hiyo.

Kampuni ya Wix ilileta kikopo cha kufungua na kutupa kizima mwaka 1954, na hicho ndicho kilicho kwenye Land Cruiser nyingi zenye injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 iliyotoka mwaka 1990. Kosa la raba mbili limehamia huko pia: raba ya zamani inaweza kung'ang'ania kwenye injini, na asiyepapasa kwa kidole haioni.

Dizeli ina shida yake ya ziada, nayo ni masizi. Oili hugeuka nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa, na mwenye gari hudhani filta ni mbovu. Sivyo. Chembe nyingi za masizi hazifiki hata maikroni 1, ilhali unywele wa mtu una maikroni kama 70. Karatasi haiwezi kuzikamata. Zinaondoka kwa kumwaga oili tu. Kazi ya karatasi ni mchanga na chuma, na mchanga huo huingia kwa urahisi pale kiungo cha mkonga kinapolegea.

Niliwahi kuuziwa filta ya bei ya chini iliyofunga vizuri kabisa. Kila asubuhi taa ya oili ilichelewa kuzimika huku injini ikigonga. Tulipoikata, tulikuta ile raba ya ndani inayozuia oili isirudi chini gari linapolala imekauka kama kadibodi, na marinda yalikuwa machache, yamelala upande mmoja. Nyuzi zililingana, lakini mambo mengine yote hayakulingana. Tangu hapo naagiza kwa namba ya injini, napaka raba oili mpya, na nakaza kwa mkono robo tatu ya mzunguko baada ya raba kugusa.

Siku ile gerejini sumaku ilitoka na unga laini mweusi, jambo la kawaida. Kisha fundi akainamia rinda moja na kuinua kwa ncha ya kisu chembe ya rangi ya shaba, ndogo kuliko punje ya ulezi. Sumaku haikuivuta.

"Hii ni beringi, mzee," akasema. Akaandika kilomita za gari kwenye kipande cha boksi na kukichomeka juu ya kioo cha dereva. "Usisubiri 5,000. Rudi baada ya 1,000, nikate nyingine."