Konzo na sumu ya muhogo: historia ya uchunguzi mmoja

Mtu analala jioni akiwa mzima. Asubuhi anataka kusimama, miguu inakataa. Hana homa, hana kidonda, akili yake haikupotea. Lakini miguu imekazana kama iliyofungwa kamba, wala haitafunguka tena kabisa. Ugonjwa huo ndio konzo. Katika Kiyaka, lugha ya Kwango, jina hilo maana yake ni miguu iliyofungwa.

Sisi mapadri tunalijua swali linalofuata katika familia. Watu hawaulizi: Ni nini? Wanauliza: Ni nani? Nani amemfunga mtu wetu? Na mara nyingi jibu humwangukia bibi kizee asiye na mtetezi. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu jinsi biokemia, yaani elimu inayochungua kemia ya vitu vyenye uhai, ilivyopata jibu lingine, polepole, kwa muda wa miaka mingi.

1. Mmea na silaha yake

Muhogo haukuzaliwa Kongo. Ulitoka Amerika ya Kusini, na Wareno waliuleta pwani yetu katika karne ya 16. Wazee wetu waliupokea vizuri, kwa kuwa unavumilia ukame na udongo uliochoka, tena unamngoja mwenye shamba chini ya ardhi mpaka siku ya haja. Muhogo mchungu una sifa nyingine: wanyama waharibifu na wezi wanauogopa. Basi sumu ile ni silaha ya mmea.

Mwaka 1891 Wabelgiji wawili, Jorissen na Hairs, walitoa katika mmea wa kitani kitu walichokiita linamarini. Baadaye kitu kile kile kilionekana katika muhogo. Ndani ya linamarini, sumu kali iitwayo sianuri imeshikamana na sukari, na wakati imeshikamana hivyo haiudhuru mmea wenyewe. Ni nani basi anayeifungua?

Jibu lilianzia mahali pasipotazamiwa, katika chachu ya pombe. Pasteur alikuwa amefundisha kwamba pasipo chembe hai hakuna kuchachuka. Lakini mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga chachu pamoja na mchanga, akaikamua, akatia sukari ndani ya maji yake ili yasioze. Kumbe, yakaanza kutoa povu! Chembe zilikuwa zimepondwa, na kazi yao iliendelea. Buchner alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1907. Tangu hapo wachunguzi walitafuta katika kila kiumbe hai vitu hivyo vinavyofanya kazi ndani ya chembe. Tunaviita enzimu.

Muhogo nao una enzimu yake, linamaraza. Katika chembe nzima, enzimu hii na linamarini ni kama majirani waliotengwa na ukuta. Mnyama akitafuna, ukuta unabomoka, enzimu inaikata linamarini, na sianuri inatoka.

2. Akili ya wamama wetu

Sasa tuangalie kazi ya wamama. Wanaweka mihogo majini siku tatu au nne, mpaka inalainika na kutoa harufu. Katika siku hizo kuta za chembe zinabomoka, enzimu inapata nafasi ya kufanya kazi yake, na sumu inakwenda na maji au inaruka hewani. Kiisha wanaianika juani. Jina la linamaraza hawakulisikia, lakini walijua kuipa muda wake. Biokemia haikuja kuwacheka; ilikuja kueleza kwa nini walikuwa na haki.

Sumu kidogo inayobaki katika bugali, mwili wenyewe unaishinda. Mwaka 1933 Konrad Lang, huko Ujerumani, alionyesha enzimu ya mwili iitwayo rodaneza. Inachukua kiberiti, inakiunga na sianuri, na kinapatikana kitu kisicho kikali sana, tiosianati, ambacho hutoka katika mkojo. Lakini kiberiti hicho mwili unakipata katika proteini za chakula: samaki, nyama, mayai. Anayekula bugali bila kitoweo siku zote anaishiwa nacho.

3. Kutoka Kwango mpaka Idjwi

Mwaka 1938 munganga Giovanni Trolli alitangaza habari za konzo ya Kwango. Sababu yake haikujulikana bado. Mwaka 1981 ukame mkali uliipiga Nampula, kaskazini ya Msumbiji. Watu zaidi ya 1,000 walifungwa miguu, wengi wao wamama na watoto. Munganga Hans Rosling wa Uswidi na wenzake waliona kwamba njaa iliwalazimisha watu kula muhogo mchungu kabla haujatengenezwa sawasawa, na tiosianati ilikuwa nyingi mno katika miili yao.

Kiisha Rosling, Tylleskär na Mkongomani Banea walichungua huku kwetu, Bandundu. Jambo walilolikuta linatuhuzunisha. Barabara ilikuwa imefika, kamyo zilipeleka mihogo Kinshasa, na wanunuzi walikuwa na haraka. Siku tatu za majini zikawa moja.

Katika Kivu sumu ile ile ilionyesha uso mwingine. Mwaka 1971 Delange na Ermans walieleza uvimbe wa shingo katika kisiwa cha Idjwi. Iodi ilipungua kisiwani kote, lakini uvimbe ulizidi upande wa kaskazini. Walionyesha kwamba muhogo unachangia, kwa sababu tiosianati huizuia iodi kuingia katika tezi ya shingo.

4. Dawa ya saa mbili

Miguu iliyofungwa na konzo haiponywi mpaka leo. Lakini inaweza kukingwa. Bradbury, mtaalamu wa Australia, alifundisha njia hii: unga wa muhogo uchanganywe na maji, utandazwe mwembamba, ukae saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo upikwe bugali. Enzimu iliyobaki katika unga inamaliza kazi yake. Banea na wenzake waliwafundisha wamama wa Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, na katika miezi ya uchunguzi ule hakuonekana mgonjwa mpya. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2012.

Ndugu waseminari, siku moja baadhi yenu mtaitwa penye mtoto aliyeamka bila miguu, na watu watakuwa wamekwisha kumtaja mchawi. Msianze kwa hotuba. Ulizeni kwanza mihogo ililala majini siku ngapi, na ni lini familia ilikula samaki. Kisha simameni karibu na yule bibi kizee.