Kliniki ya tiba na matunzo

Kliniki ya tiba na matunzo (hujulikana zaidi kwa kifupi CTC) ni sehemu ya hospitali au kituo cha afya nchini Tanzania inayohudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI (VVU). Dawa za kupunguza makali ya VVU, yaani ARV, zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004.

Huduma

Aliyepimwa na kukutwa na VVU huandikishwa na kupewa kadi yenye namba. Matibabu huanza mapema, bila kusubiri kinga ya mwili ishuke. Mgonjwa hupata ushauri, huchunguzwa kifua kikuu na hupimwa wingi wa virusi katika damu. Virusi vikipungua hadi kutoonekana kwenye kipimo na kubaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Hata hivyo hajapona: akiacha dawa, virusi huongezeka tena. Mjamzito anayetumia dawa ipasavyo humkinga pia mtoto.

Usiri na msaada

Sheria ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa na kukataza unyanyapaa. Hata hivyo wako wanaokwenda kliniki ya mbali wasionekane na majirani, na nauli ikikosekana hukosa dawa. Anayehama anaweza kuomba uhamisho rasmi ili aendelee na matibabu aendako. Waelimishaji rika, ambao wenyewe wanaishi na VVU, huwasaidia wapya kuzoea dawa na kujiunga na vikundi.